Kutu Iliyoahirishwa

Siku ya pili ya msiba, nzi walikuwa bado hawajaja.

Holo ndiye aliyeliona hilo kwanza, maana ndiye aliyekaa ndani na marehemu baba yake, kitambaa cha kufukuzia nzi mkononi, na kitambaa hakikuwa na kazi. Jua la Mwamalole lilikuwa kali, bati linalialia kwa joto, dirisha wazi, na Mzee Luhende amelala kwenye mkeka chini kabisa, shuka jeupe mpaka shingoni, akimsubiri mwanawe mdogo afike kutoka Mtwara ndipo azikwe. Maiti nyingine yoyote katika joto lile ingekuwa imeshawatoa watu nje. Chumba hiki kilinuka sabuni tu. Wazee walioingia kuaga walitoka wakisifu. "Mzee alikuwa mtu safi," walisema, "hata kifo kimemheshimu." Kauli tamu hiyo, na ya kijinga.

Holo akatoka kwa mlango wa nyuma, akawapita wanawake waliokuwa wakimenya viazi, akamgusa wifi yake begani.

Wifi huyo, Milembe, alikuwa mke wa Nkwabi, mtoto wa kwanza wa mzee. Pia alikuwa mkemia mkuu wa Kituo cha Mizizi kilichopo juu ya kilima, mtu ambaye hata mawaziri humwita daktari. Lakini pale msibani alikaa nje na kisu cha kumenyea, kwa sababu katika ukoo wa Luhende mke wa mtoto haonani uso kwa uso na baba mkwe. Haingii chumba alimo. Halitaji jina lake. Akiwa na neno naye hulipitisha kwa mtu wa tatu, hata kama wote watatu wanasikilizana vizuri kabisa. Miaka yote ya ndoa yake, Milembe alimjua mzee kwa kikohozi, kwa katambuga zake za matairi zilizochakaa mlangoni, na kwa mkono wake wa kushoto.

Mkono ulikuja na kazi. Uji wa zambarau ulipotoka maabara, mzee alikuwa wa kwanza kujitolea kuujaribu, na damu yake ilitakiwa kupimwa kila mwezi. Basi Milembe alisimama nje ya dirisha, amegeuza uso. Mzee alikaa ndani, amegeuza wake. Mkono ukapita katikati ya nondo.

"Mwambie baba asikaze mkono," Milembe alikuwa akisema.

"Baba, usikaze mkono," Holo alikuwa akirudia, na muda huo mzee ameshaulegeza zamani. Wenyewe waliliona jambo hilo la kuchekesha, ila hakuna aliyecheka kwa sauti.

Sasa Holo alichuchumaa karibu na beseni la viazi. "Wifi, nisikilize, na usinione nimechanganyikiwa."

"Sema."

"Nilikuwa namkata baba kucha. Wembe umeniteleza. Ametoka damu."

"Maiti hutoka damu kidogo, wifi."

"Nyekundu? Ikatoka, ikaganda, na kidonda kikajifunga? Nimekaa namwangalia kikijifunga."

Milembe aliangalia kiazi alichokuwa amekishika. Alikuwa amekipasua asubuhi, akaitwa, akakisahau pembeni mwa beseni. Kiazi cha kawaida kingekuwa kimeshapiga weusi. Hiki kilikuwa kinang'aa, zambarau mbichi, utomvu bado umesimama juu yake. Alikuwa amekionyesha kiazi cha namna hiyo kwenye mikutano mingi, watu wakapiga makofi. Leo kilimtia baridi.

*

Pikipiki ya umeme haipigi kelele, kwa hiyo njia nzima ya kwenda kituoni Milembe alisikia kijiji. Alisikia wazee. Walikuwa kila mahali, wakipasua kuni, wakiezeka, mmoja akiwa juu ya mti anakata matawi huku mjukuu wake anamwomba ashuke. Hospitali ndogo ya kata ilikuwa imefunga wodi ya wazee kwa kukosa wagonjwa, ikageuzwa ghala la viazi. Hayo yote yalikuwa matunda ya mikono yake, na mpaka asubuhi ile alikuwa akiyafurahia bila aibu.

Jambo lenyewe si gumu kulieleza. Mwili unaishi kwa hewa, na hewa hiyohiyo ndiyo inayouchoma. Kila pumzi huacha cheche ndogo ndani ya chembe zetu, na cheche hizo hutafuna kuta za mishipa, macho, magoti, kumbukumbu. Wakemia huita oksidisho. Milembe aliita kutu, na jina likashika. Mizizi tunayokula ina kinga yake dhidi ya kutu hiyo, nyingi ikiwa kwenye rangi: ile inayofanya kiazi kiwe cha zambarau, au karoti iwe ya manjano. Shida ni kwamba ukila, tumbo linaiharibu kabla haijafika popote. Milembe aliifunga rangi ya kiazi ndani ya utomvu wa ganda lake, ikavuka tumbo salama, ikaingia kwenye chembe, ikakaa. Akaiita zambarini. Kijiko kimoja kwenye uji, kila asubuhi. Mwamalole yote ilikuwa ikinywa, na nchi nzima ilikuwa inangoja zamu yake.

Maduhu, fundi wa maabara, alikuwa anakunywa uji wake aliposikia mlango.

"Pole na msiba, daktari. Nilidhani leo—"

"Maduhu, wale panya tuliowapa zambarini, wa jaribio la kukosa hewa. Uliwachoma?"

Maduhu akakuna kichwa. "Tanuri lilikuwa bovu. Niliwaweka kabatini nikisubiri litengenezwe."

"Lini hiyo?"

"Kabla ya Pasaka." Akaona uso wa bosi wake. "Hawanuki, daktari! Kitu kisichonuka mtu anakisahau."

Panya walikuwa wamepangwa kwenye trei, laini, manyoya yanang'aa. Milembe alimchukua mmoja akamvika kofia ya nyaya inayopima mawimbi ya ubongo. Mstari kwenye kioo ulilala tambarare. Maduhu akashusha pumzi, akaenda kufunga mlango wa stoo ya chakula cha wanyama, ambao kama kawaida uligoma kidogo ukalia kwa bawaba.

Mstari ukapanda.

Wote wawili wakasimama. "Ufungue tena," Milembe alisema kwa sauti ndogo. Bawaba zikalia, mstari ukapanda, ukashuka taratibu. Panya hakupumua. Masharubu hayakutikisika. Alikuwa amelala kabatini tangu kabla ya Pasaka, akiusikiliza mlango wa chakula ukifunguliwa na kufungwa, asiweze kwenda.

"Mungu wangu," alisema Maduhu.

Walimwekea hewa safi kutoka kwenye mtungi. Haikuchukua muda. Mbavu zikatetema, panya akasimama, akanawa uso kwa viganja vyake, akakimbilia kibakuli akala kwa pupa. Maduhu akapiga makofi kwa furaha. Milembe hakupiga. Alikuwa anaangalia manyoya ya mgongoni, ambayo yalikuwa yameanza kudondoka. Kisha macho yakaingia ukungu. Meno yakawa ya kahawia, ngozi ikalegea, na kabla kibakuli hakijaisha panya alianguka ubavu. Alipomgusa alikuwa ameshaoza, si kama mnyama aliyekufa sasa hivi, bali kama aliyekufa kabla ya Pasaka.

Alielewa. Zambarini haikuwa imeifuta kutu. Ilikuwa imeiahirisha. Iliifunga pembeni, pumzi kwa pumzi, miaka yote. Moyo ulipochoka ukakaribia kuacha kusukuma, ubongo haukuharibika kama ubongo wa mtu mwingine, maana hakukuwa na cha kuuharibu. Ulibaki pale, mzima, umezimwa nusu. Ukiupa hewa tena, unaamka. Na kutu yote iliyongoja inakuja kwa mkupuo mmoja.

Maduhu aliangalia kikombe chake, akakisogeza mbali kwa kidole kimoja. "Kwa hiyo mzee..."

"Anasikia."

"Na mama mkwe wako?"

Nyanzala, mke wa mzee, alifariki kabla ya mvua. Kulikuwa na joto kama hili, watoto wote walikuwapo, wakamzika siku ileile, nyuma ya nyumba, karibu na ukuta wa chumba cha mumewe kama mwenyewe alivyotaka. Milembe ndiye aliyemwosha. Alimwosha akilia, akaona jinsi alivyo mlaini, akamsifu.

Alifunga mtungi wa hewa nyuma ya pikipiki.

*

"Mweke kituoni," alisema Nkwabi. "Mweke kwenye kabati lako."

Walikuwa wamesimama nyuma ya jiko, yeye, mkewe na Holo. Upande wa pili wa nyumba wachimba kaburi walikuwa wameanza kazi, kandokando ya kaburi la Nyanzala, na kila jembe lilipotua Milembe aliona kama linatua juu yake.

"Kama panya?"

"Kama baba yangu! Utapata dawa. Uliyeipata hii, utaipata na nyingine."

"Naweza nisiipate kabisa. Wewe utamweka baba yako gizani anasikiliza kabati mpaka lini?"

"Bora asikilize kuliko afe."

"Hilo umemuuliza?"

Nkwabi aligeuka akawa anaangalia moshi. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, asiyegombana na mtu. "Ukimpa hewa utamuua. Umesema mwenyewe. Utamuua baba mara ya pili, Mama Kashinje."

"Hajafa mara ya kwanza."

"Basi tumzike tu," Holo alisema, karibu kwa kuomba. "Tunyamaze. Watu wanajua amekufa. Tusijue lolote."

Wote watatu walikuwa wameliwaza hilo, na wote watatu walikuwa wanasikia majembe. Kumzika ni kumtia ardhini anasikia. Kumhifadhi ni kumtia kabatini anasikia. Kumwamsha ni kumpa nusu saa, pengine pungufu, na kumwua kwa mkono wa mkwewe. Milembe alikuwa ametumia maisha yake kwenye maswali yenye jibu, na alilichukia swali hili kwa chuki ya kweli.

"Holo," alisema mwishowe. "Mkono wa baba ukoje?"

"Umekakamaa. Tangu jana. Nilishindwa hata kuukunja."

"Upitishe dirishani."

Jua lilikuwa juu ya utosi. Milembe alisimama mahali pake pa siku zote, bega kwenye ukuta, khanga kichwani, uso kaugeuzia uani. Nyuma yake alisikia Holo na Nkwabi wakihangaika na mwili, wakimwegemeza mzee ukutani. Kisha mkono ukatoka katikati ya nondo, mgumu kama mpini. Aliushika. Aliujua kila mshipa. Ulikuwa wa uvuguvugu, na hilo lingeweza kuwa jua.

Aliisogeza khanga ikae vizuri kichwani.

"Mwambieni baba," alisema, "asikaze mkono."

"Baba," Holo alisema ndani, sauti ikimkatika, "usikaze mkono."

Uani kuku walikuwa wanaparua. Hakukuwa na kitu. Milembe alianza kuona nafuu ya aibu, ile ya mtu anayekaribia kuambiwa kwamba amekosea na anaweza kurudi kumenya viazi. Kisha, chini ya vidole vyake, kwa upole mkubwa, mkono ukalegea.

Ulilegea wote, kuanzia begani, ukabaki umening'inia mkononi mwake kama siku zile za sindano. Nkwabi alitoa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia kwake.

Milembe alikuwa analia, lakini maneno aliyatoa moja moja, wazi. Alieleza yote, kupitia kwa Holo, kama desturi inavyotaka: kwamba akiachwa atabaki hivi, na yeye Milembe atatafuta dawa na hawezi kuahidi, kwamba akipewa hewa ataamka, atasema, kisha ataondoka na hatarudi. "Mwambieni baba, kama anataka kuamka, akaze mkono. Kama hataki, auache."

Holo alirudia yote. Safari hii hawakungoja sana. Vidole vya mzee vilifunga juu ya kidole gumba cha Milembe, vikakaza mpaka kikauma.

Nkwabi mwenyewe ndiye aliyefungua mtungi.

*

Pumzi ya kwanza ilitoka kama mlango uliovimba kwa mvua. Ya pili ilikuwa pumzi ya mtu. Uani wanawake waliacha kumenya, na wachimba kaburi wakaacha kuchimba, maana kikohozi cha Mzee Luhende kila mtu alikijua.

"Milembe," mzee alisema.

Hakuwahi kulitamka jina hilo. Holo alifungua mdomo arudie, akakosa cha kurudia.

"Geuka, mama. Sitaki kufa naongea na kisogo. Nimechoka kusikia, nataka kuona."

Akageuka. Katikati ya nondo aliona uso wa mzee, nyusi za mume wake, masikio yaleyale yaliyojitokeza ya mwanawe Kashinje, na macho maangavu ya kijana. Alijisikia mdogo na alijisikia kupendwa, vyote pamoja, na alikasirika kwamba imechukua kifo.

"Nisamehe, baba," alisema, bila kumpitia mtu.

"Tutasameheana kwa haraka, sina muda." Mzee alivuta hewa. "Nilikuwa nimelala sikio chini, si ndiyo? Kwenye mkeka. Nilisikia kitu nikadhani kinu cha jirani. Lakini kinu hakipigi mara moja kikanyamaza muda mrefu, ndipo kipige tena. Ni mama yenu. Ni moyo wake huo, hapo nyuma."

Nkwabi alikuwa amepiga magoti, kashika miguu ya baba yake. Hakuinua kichwa.

"Anaumia?" Milembe aliuliza.

"Hapaumi. Unasikia, basi. Watoto wanakuita jina, wanalia, wewe uko palepale, na huwezi kuitika." Sauti ilikuwa imeanza kukwaruza. "Kuna atakayesema huo ni uhai, aachwe nao. Mimi umeniuliza, nikajibu. Kamuulize na yeye. Kila mtu aulizwe."

Mkono ndani ya mkono wa Milembe ulianza kubadilika. Madoa ya kahawia yalitokea kwenye kiganja yakaungana, kama kiazi cha kawaida kilichoachwa kwenye sahani. Ngozi ikatengana na mshipa. Mzee aliona pia, akamtazama mkwewe badala ya kuutazama mkono, akaendelea kumtazama mpaka ukungu ulipoyaziba macho. Alisema jina la Nyanzala. Kisha harufu ikajaa chumba, ikatoka dirishani, na wanawake uani wakaziba pua kwa khanga zao, na Holo akaanza kulia kile kilio ambacho siku mbili hizi kilikuwa kimegoma kuja.

Milembe hakuuachia mkono mpaka Nkwabi alipokuja nje akamfungua vidole.

Watu walikuwa wamekusanyika. Walikuwa wamesikia kila neno. Kwenye mafiga, sufuria kubwa ya uji wa waombolezaji ilikuwa inatokota, zambarau mpaka kwenye povu, na mwanamke mmoja aliyekuwa na mwiko mkononi aliuliza kwa adabu, kama anauliza chumvi, "Daktari, na sisi tuliokunywa?"

Angeweza kusema atachunguza kwanza. Angeweza kusema hali ya mzee ilikuwa ya pekee. "Na sisi," alisema. "Mimi pia. Sote."

Mwanamke akautoa mwiko, akautazama, hakujua auweke wapi. Milembe akampita. Alikwenda nyuma ya nyumba, kwenye kaburi la mama mkwe wake, ambalo mvua ilikuwa imelishindilia na nyasi zilikuwa zimeshaota juu yake. Wachimba kaburi walisimama pembeni, majembe chini. Aliwaambia wachimbe hapa. Hakuna aliyesogea. Mmoja alitikisa kichwa akarudi nyuma hatua, kisha mwingine.

Kwa watu wa Mwamalole mwanamke hashiki jembe kaburini. Milembe aliliokota. Alipiga magoti kwanza, akainamisha mdomo mpaka kwenye nyasi, akasema kwa sauti ya kusikika chini, "Mama, ni mimi, mke wa Nkwabi. Nakuja kukuuliza jambo. Vumilia kelele."

Kisha akaanza, pale ambapo mtu mwingine yeyote asingeanzia, mbali na katikati, akipita pembeni, akiondoa udongo kwa ncha na kuumalizia kwa vidole, kama mwanamke anayechimba kiazi na hataki kukikata.